Tundu la Kipimo cha Pumzi

Kwa miaka thelathini na minane ya ufundi bomba, Mzee Koki hakuwahi kuona tundu kwenye bomba akaliacha lilivyo. Ndiyo maana siku alipokabidhiwa kipimo cha pumzi hospitalini, jicho lake halikwenda kwenye kioo chenye tarakimu wala kwenye kijibomba cha karatasi ngumu cha kuweka mdomoni. Lilikwenda kwenye tundu. Lilikuwa dogo, la kupita sindano ya cherehani, upande wa chini wa shingo ya kifaa. Alilipapasa kwa kidole gumba, kisha akamuuliza mpimaji kama wanajua kwamba mtambo wao unavuja.

Mpimaji alikuwa binti mwembamba mwenye tabia ya kuchomeka kalamu kwenye nywele halafu kuitafuta mezani. Alisema wanajua, na kwamba tundu limewekwa makusudi.

"Usiliguse, mzee. Hilo ni kwa ajili ya wajanja."

Angejua anazungumza na nani, neno hilo asingelitamka. Alimweleza harakaharaka, maana wagonjwa wengine saba walikuwa wamepanga foleni kwenye benchi la nje. Kipimo kinapima nguvu ya misuli ya kuvutia pumzi. Mtu anatoa hewa yote, anabana midomo kwenye kijibomba kilichofungwa upande wa pili, halafu anavuta kwa nguvu zake zote. Sasa kuna watu wanavuta kwa mashavu badala ya kifua, kama mtoto anayenyonya, na tarakimu inapaa bure. Tundu likiwepo, nguvu ya mashavu inavujia hapo na inayobaki ni ya kifua tu.

Mzee Koki alivuta kwa haki. Kioo kikaandika arobaini na moja. Aliuliza mtu mzima wa umri wake hufikisha ngapi, akaambiwa themanini na kuendelea.

Ugonjwa wenyewe ulimwingia polepole, kama maji yanavyoingia ukutani. Alianza kuvuta sigara akiwa kibarua wa kuchimba mitaro, akaendelea nayo juu ya mapaa, chini ya masinki, na akiwa na spana mkono mmoja. Alipokuja kuacha, tena chini ya ulinzi wa mkewe aliyekuwa akimnusa kola kila akirudi nyumbani, mapafu yalikuwa yameshaharibika. Kutoka kitandani hadi bafuni alipumzika mara mbili. Kufunga kamba za viatu ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Alipumua kwa midomo iliyochongoka, kama anayepuliza chai ya moto isiyopoa.

Daktari wa upasuaji, bwana mfupi mwenye sauti ya taratibu, alimwekea picha za kifua kwenye taa na kumweleza bila kuzunguka. Mapafu yake yamelegea na kutanuka. Hewa inaingia lakini haitoki yote, kwa hiyo kifua kimejaa hewa chakavu isiyo na kazi. Na chini ya mapafu kuna msuli mpana, kiwambo, ambao kwa kawaida umeinuka kama kuba. Ukijikaza unashuka, na kushuka kwake ndiko kunakovuta pumzi. Wake umesukumwa chini na mapafu yaliyofura hadi umekuwa bapa kama sinia. Hauna pa kushukia tena.

Mzee Koki aliisogelea picha.

"Daktari, unaijua ile pampu ya mpira ya kuzibulia sinki?"

Daktari alisema anaijua.

"Ule mpira ukishabonyea moja kwa moja, unaweza kusukuma mpini mpaka jioni. Hauvuti kitu."

"Ndivyo ulivyo wewe," alisema daktari.

Basi wakaelewana. Tiba iliyokuwepo ilimshangaza kila aliyeisikia, kuanzia mkewe: wangemkata kipande cha pafu ili apumue vizuri zaidi. Sehemu zilizoharibika zaidi zilikuwa juu, na zilikuwa zimekaa tu kama wapangaji wasiotaka kuhama. Zikiondolewa, pafu linalobaki linapata nafasi, na kiwambo kinainuka tena na kupata nguvu ya kuvuta. Lakini si kila mgonjwa anafaa. Kwanza afanye mazoezi wiki nane, apimwe upya, halafu jopo la madaktari likae na kuamua.

Mazoezi yalifanyika kwenye chumba kirefu chenye madirisha ya vioo na harufu ya dawa ya sakafu. Wagonjwa walitembea ukuta hadi ukuta, wakanyanyua chupa zilizojazwa mchanga, wakavuta hewa kupitia vifaa vidogo vyenye springi. Huko ndiko Mzee Koki alikokutana na Mwalimu Mkuu.

Mama huyo alikuwa na miaka sabini na mmoja, amestaafu siku nyingi, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kwa cheo kidogo zaidi. Sigara, kwa maelezo yake, alikuwa akiwanyang'anya walimu wake. Hakusema alikuwa akizipeleka wapi. Siku ya kwanza alimuuliza Mzee Koki amepata ngapi kwenye kipimo. Mzee Koki, kwa ujinga wake, akasema kweli.

"Arobaini na moja," Mwalimu Mkuu alirudia, kama anayesoma ripoti ya mtoto aliyefeli hesabu. Yeye alikuwa na hamsini na mbili.

Kuanzia hapo Mzee Koki hakupata raha. Mwanamume aliyewahi kuzuia bomba kuu la mtaa kwa viganja vyake huku maji yakimtandika usoni, leo anapitwa na bibi mwenye mkoba wa mkononi. Kila wiki Mwalimu Mkuu alimwamkia kwa heshima zote, kisha akamuuliza, mbele za watu, kama arobaini na moja inaendeleaje. Na wiki ya saba, wakiwa wamekaa wakitweta kwenye viti vya plastiki, alimnong'oneza kwamba amesikia jopo halina mchezo. Wanyonge wanarudishwa nyumbani. Kisu hakipotezwi kwa mtu asiye na nguvu ya kupona.

Mzee Koki alirudi nyumbani na neno hilo limemkaa kichwani. Asubuhi ya kipimo alivaa shati lake la mikutano, na kama alivyofanya kila siku ya maisha yake ya kazi, akatia mfukoni kiviringo cha tepu nyeupe ya bomba, ile nyembamba isiyo na gundi ambayo mafundi huizungushia kwenye nyuzi za koki ili zisivuje. Baadaye aliapa kwamba aliitia kwa mazoea tu. Mkewe hakuwahi kuamini.

Mpimaji alimkabidhi kifaa, kisha akageuka kuitafuta kalamu iliyokuwa kwenye nywele zake. Ilitosha. Vidole vyake vilikuwa vizito kwa vifungo vya shati, lakini kwa tepu havijapoteza kitu. Mizunguko mitatu, akavuta, akakata. Tundu likapotea chini ya utando mweupe, na kiganja chake kikafunika utando. Halafu akatoa hewa yote, akabana midomo, akafunga koo na kuvuta kwa mashavu.

Ieleweke kwamba mashavu yale hayakuwa ya kawaida. Tangu akiwa mwanafunzi wa fundi alikuwa akivuta maji kwa mdomo kupitia mipira mirefu, kuyatoa kwenye matangi yasiyo na koki. Kwa mashavu peke yake, Mzee Koki alikuwa bado kijana.

Mia moja na kumi na mbili.

Mpimaji alikiangalia kioo. Akamwomba arudie. Mia moja na kumi na tano. Akamwangalia mzee aliyekuwa amekaa mbele yake, mabega juu, mishipa ya shingo imetokeza, anavuta pumzi tatu ili aseme "ahsante". Akaandika tarakimu kama alivyoiona, lakini pembeni akaweka alama ya kuuliza. Mzee Koki alipomrudishia kifaa, tepu ilikuwa mfukoni tena.

Alimkuta Mwalimu Mkuu kwenye benchi. Akamtajia tarakimu yake polepole, akiipa kila sehemu nafasi yake. Mama yule akahamisha mkoba wake kutoka goti moja hadi jingine.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Siku ya tatu daktari wa upasuaji alimwita, akaweka karatasi mbili mezani. Huku picha zinaonyesha kiwambo kilichobonyea. Huku kipimo kinaonyesha msuli wa mwogeleaji. Alisema vitu viwili hivyo haviwezi kukaa kwenye kifua kimoja. Kama msuli una nguvu kiasi hicho, basi shida ya pumzi inatoka mahali pengine, labda moyoni, na yeye hamfungui mtu kifua kwa kubahatisha. Jina lake wameliondoa kwenye orodha mpaka wajue ukweli.

"Kwa hiyo nimezidi nguvu?" Mzee Koki aliuliza.

"Kwenye karatasi, ndiyo."

Nyumbani kulikuwa na ngazi tatu za kuingilia. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alikuwa ameweka cherehani yake sebuleni, pembeni ya dirisha, mahali anapoona kila anayeingia. Alimwona mumewe akipanda ngazi ya kwanza, akipanda ya pili, kisha akikaa. Alimsubiri hadi alipofika ndani ndipo akamuuliza wamesemaje. Mzee Koki akasema wamemwona ana nguvu mno, upasuaji haumfai.

Mama alitoa mguu kwenye cherehani.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe huyu uliyekaa kwenye ngazi sasa hivi?"

Mzee Koki akasema sayansi ina mambo yake. Mkewe hakubishana. Alimsaidia kuvua shati, akalipeleka kwenye beseni la nguo chafu, akapekua mfuko kama anavyopekua mifuko yote kabla ya kufua. Akatoka na kiviringo cha tepu na, kando yake, kipande kidogo kilichojikunja ambacho bado kilikuwa na umbo la shingo ya kitu fulani cha mviringo. Alikiweka kwenye meza ya kushonea. Wameoana miaka thelathini na minne. Hakuhitaji kuuliza mengi. Mzee Koki alisimulia yote, kwa vipande, na alipofika kwenye mia moja na kumi na tano mkewe alicheka hadi akashikilia meza. Kisha kicheko kikakatika ghafla, akageukia dirishani, akajifuta macho kwa kitambaa cha sare.

"Umejiziba wewe mwenyewe," alisema. "Kesho unarudi. Na hiyo tepu unaibeba."

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kudanganya. Mpimaji alikuwa peke yake na kifaa chake kilikuwa mezani, kimefunguliwa vipande vipande, skrubu zimepangwa kwenye kisahani. Mzee Koki aliweka tepu kando ya kisahani. Akasema, kwa vituo vya kuvuta pumzi, kwamba kifaa hakina kosa.

Binti aliiokota tepu, akaigeuzageuza. Kisha akamweleza, bila kupandisha sauti, alichokifanya. Kipimo kilipelekwa karakana siku tatu. Wagonjwa tisa waliahirishwa, na mmoja wao ni yule mama mwalimu, aliyekaa kwenye benchi saa mbili kabla ya kuambiwa arudi wiki nyingine. Yeye mwenyewe mpimaji ameulizwa na wakubwa zake kama anajua kazi.

"Nilikuambia usiliguse," alisema.

"Uliniambia ni kwa ajili ya wajanja, mwanangu. Nikajua naitwa."

Binti alijitahidi asicheke, akashindwa, akakasirika kwa sababu ameshindwa. Akaanza kurudisha skrubu za kifaa, akamwambia atampima upya, lakini kwa masharti yake: mikono ya shati ipandishwe, mdomo ufunguliwe ukaguliwe, na kifaa ashike yeye. Mzee Koki akavuta kwa kifua chake kile kile kibovu. Thelathini na tisa.

Hakuwahi kufurahia kufeli kama siku ile.

Kilichobaki ni Mwalimu Mkuu. Alimfuata kwenye chumba cha mazoezi akamwomba radhi. Mama akamwamuru asimame wima na aseme kwa sauti ili darasa zima lisikie. Mzee Koki akamjibu kwamba angekuwa na pumzi ya kusema kwa sauti wasingekuwa hapa. Mwalimu Mkuu akalitafakari jibu hilo, akalikubali. Ndipo na yeye akakiri kwamba yale maneno ya wanyonge kurudishwa nyumbani aliyatunga mwenyewe, kwa utani, baada ya kuona fundi anavyokunja uso kila akitajiwa tarakimu. Hakudhani mtu mzima atayachukulia hatua. Walikaa pamoja kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na kosa lake.

Jopo lilikaa. Mzee Koki alirudishwa kwenye orodha. Mwalimu Mkuu hakuchukuliwa, na si kwa unyonge: mapafu yake yalikuwa yameharibika sawasawa kila mahali, hakukuwa na sehemu moja ya kusema ikatwe hii. Aliambiwa aendelee na mazoezi. Aliipokea habari hiyo akiwa amenyoosha mgongo, akauliza tu kama springi ya kifaa chake inaweza kukazwa zaidi.

Asubuhi ya upasuaji Mzee Koki aliogopa. Daktari hakumficha kwamba si wote wanaolala kwenye meza ile hurudi nyumbani. Alimshika mkewe mkono akaanza kuomba msamaha wa mambo ya zamani, akianzia mwaka waliooana. Mkewe alimsikiliza kidogo, kisha akamwambia anyamaze asije akamaliza pumzi kabla ya dawa ya usingizi.

"Wewe rudi tu. Nina sare za shule nzima. Sina nafasi ya kushona nguo za msiba."

Alirudi. Walipitia katikati ya mbavu kwa kamera na vyuma vyembamba, wakaondoa sehemu ya juu ya mapafu yote mawili. Alipozinduka alikuta mipira miwili inatoka kifuani mwake hadi kwenye chupa zenye maji, chini ya kitanda, na ndani ya maji mapovu yanapanda. Maumivu yalikuwa makali, lakini mapovu yalimvutia zaidi. Muuguzi alimweleza kwamba hewa inayovuja kutoka kwenye pafu lililoshonwa inatokea huko, na maji yanaizuia isirudi kifuani. Mzee Koki akasema hicho ni kile kimkunjo cha bomba chini ya sinki, kinachobaki na maji ili harufu isirudi ndani. Ameviweka mia kadhaa. Kuanzia hapo akawa msimamizi wa chupa zake. Alihesabu mapovu, akaripoti kwa kila zamu, na siku mfanya usafi alipoinua chupa moja ili apige deki, alimkemea kwa ukali uliomshangaza kila mtu wodini, yeye mwenyewe kwanza, kwa sababu alikemea sentensi nzima bila kupumzika katikati. Siku ya kumi na moja mapovu yalikoma. Alitangaza kwamba bomba limekauka, na safari hii daktari alikubaliana naye.

Baada ya miezi mitatu alirudi kupimwa. Mpimaji alimkagua kama askari wa mpakani: mifuko, viganja, chini ya ulimi. Akashika kifaa mwenyewe na tundu likamwelekea yeye. Hamsini na saba. Sitini. Sitini tena. Alifungua kifaa, akakifunga, akaita daktari. Daktari alikuja na picha mpya, akaiweka kwenye taa kando ya ile ya zamani. Sinia lilikuwa limeinuka. Upande wa kulia vizuri, wa kushoto kidogo. Daktari alisema hakuna mtu aliyemwongezea msuli. Ni ule ule, umepata tu mahali pa kufanyia kazi. Akaongeza kwamba pafu lililobaki bado ni bovu na miaka ikienda litalegea tena, kwa hiyo asijione kijana. Mzee Koki alisema amesikia.

Kwenye korido alimkuta Mwalimu Mkuu na mkoba wake. Springi ilikuwa imekazwa mara mbili tangu walipoonana, na mama alikuwa amefikisha hamsini na nane. Aliisema kabla ya salamu, kisha akangoja, kidevu juu.

"Na wewe? Baada ya kuchanwa hivyo?"

Mzee Koki aliangalia sakafu.

"Hamsini na sita, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu alimpigapiga begani, akamwambia asikate tamaa, jitihada ndiyo kila kitu. Alikwenda zake amechangamka, akisimama kila hatua kumi kupumua. Mpimaji, aliyesikia yote kutoka mlangoni, alimtazama mzee, akafungua mdomo, akaufunga.

Nyumbani, kwa miaka mitatu, mkewe alikuwa ameshinda kila ubishi. Mzee Koki alikuwa akiishiwa pumzi katikati ya hoja, na mama alijua kungoja. Jioni ile alimwambia aache kubeba majora ya vitambaa kutoka sokoni, ni mapema mno. Mzee Koki akamjibu. Alimjibu kuanzia getini, akapanda ngazi ya kwanza akijibu, ya pili akijibu, ya tatu akiwa bado hajamaliza, akaingia na jora begani akieleza kwa nini fundi hawezi kukaa kama pambo huku mke wake anabeba mizigo, na kwamba daktari mwenyewe alisema atembee, na kwamba jora lenyewe jepesi. Halafu akaliweka kwenye meza na kutweta, lakini si sana.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ufunguo mkononi. Alipitisha macho kwenye ngazi, akayarudisha kwake.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Bado," akasema Mzee Koki, akavuta kiti, akaendelea.